Gundi Haibandikwi Mbichi

Viatu vya shemeji yangu vilifika kwenye kibanda changu wiki nne kabla ya mbio za kilomita thelathini. Aliyevileta ni dada yangu, mkewe. Aliviweka juu ya meza, akakaa kwenye kigoda cha wateja, akaanza kujipepea kwa kifuniko cha boksi.

"Soli ya kulia imeanza kufunguka mbele," alisema. "Na anavitaka hivi hivi kwa siku ya mbio. Anasema kiatu kipya kwenye safari ndefu ni kama bwana harusi mpya. Hujui kitakubana wapi mpaka mmeshafika mbali."

"Amekutuma kwangu?"

"Amenituma kwa fundi. Kwako nimejituma mwenyewe. Mwaka mzima sasa, jamani. Mbandikie mwenzio soli, yaishe."

Nilikishika kiatu cha kulia, nikakikunja. Soli ikaachama. Nilimwambia dada nina kazi nyingi, aje kuvichukua Jumatano ya wiki ya mbio. Aliondoka akiwa na furaha. Alidhani ameleta suluhu, kumbe ameleta silaha.

Nitaeleza kosa la shemeji kwa utaratibu, kwa sababu nimekuwa na muda wa kulipanga.

Shemeji ni mwalimu wa michezo na ndiye anayefundisha klabu yetu ya wakimbiaji. Watu wote humwita Kocha. Kabla ya ualimu alikuwa mwanagenzi wa marehemu baba, katika kibanda hiki hiki ninachofanyia kazi, na hapa ndipo alipomwona dada yangu. Mimi nilikwenda chuo cha ufundi, nikasomea viatu, nikarudi kushika nyundo ya baba. Yeye aliondoka na dada. Hadi hapo hatukuwa na ugomvi. Tena ni yeye aliyenifundisha kukimbia.

Klabu huzitumia mbio za kilomita thelathini kama mtihani. Anayemaliza ndani ya saa tatu na dakika ishirini huingia kwenye orodha ya marathoni, ambayo huja wiki sita baadaye. Anayechelewa hubaki nyumbani kushangilia. Njia hutoka uwanjani, hufuata barabara ya viwanda, huzunguka kiwanda cha mbao, kisha hurudi mjini kupitia daraja la chuma. Nyuma ya kiwanda cha mbao kuna kichochoro. Mtu akikipita anaruka kilomita tano na hakuna wa kumwona. Ndiyo maana kwenye kilomita ya kumi na nane, mahali pa mbali kuliko pote, husimama mtu na kumfunga kila mkimbiaji utepe mwekundu mkononi. Mwisho wa mbio unaufungua, unaukabidhi mezani, na karani anaandika muda wako. Kama huna utepe, hukufika, na hakuna mjadala.

Mwaka jana mimi nilifika. Nilifungwa utepe. Kwenye kilomita ya ishirini na saba nilimpita shemeji, nikamaliza dakika mbili mbele yake, nikaanguka kwenye nyasi na kutapika. Alipofika aliniinamia. Alinifuta uso kwa fulana yake. "Pumzika, shemeji," aliniambia. "Lete utepe wako nikukabidhie pamoja na wangu." Nilimnyooshea mkono. Aliufungua mwenyewe.

Mezani alikabidhi mmoja.

Nilipokwenda kuuliza muda wangu, karani alitafuta kwenye karatasi zake na hakunikuta. Nilimgeukia shemeji. Watu arobaini walikuwa wamesimama pale.

"Utepe upi, shemeji?" alisema. "Mimi nimekabidhi wangu. Labda wako ulikuponyoka." Kisha akatabasamu, kama mtu anayetaka kunisaidia. "Au labda ulipitia kichochoroni. Si dhambi. Kila mtu huchoka."

Watu walicheka. Tangu siku hiyo jina langu ni Mkato.

Kwa mtu mwingine lingekuwa jina la utani. Kwa fundi ni msiba. "Fundi Mkato, changu kishone chote, usikate kona." "Fundi Mkato, hii ni ngozi au ni njia ya mkato?" Shule iliyokuwa ikiniletea viatu vya wanafunzi ilihamia kwa fundi wa mtaa wa pili. Dada aliniambia huenda nilichanganyikiwa kwa uchovu. Sikubishana naye. Nilianza mazoezi.

Sasa nieleze gundi.

Gundi ya viatu haibandikwi mbichi. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya kazi yetu, na asiye fundi huiona ya ajabu. Unapaka pande zote mbili, soli na kiatu, kisha unaziacha mbalimbali mpaka zikauke, mpaka ukigusa kidole hakinati. Hapo ndipo unapozikutanisha, na zikikutana zimekutana. Ukizibandika mbichi zitaonekana zimeshikana. Utavaa, utatembea, utakwenda kazini na kurudi. Lakini ndani umefungia unyevu usio na pa kutokea. Siku utakapokimbia mbali, kwenye lami yenye joto, soli itaachama.

Baba alitufundisha kungoja kwa kuhesabu: moja hadi mia tisa, kwa sauti, dakika kumi na tano. Shemeji hakuweza kungoja. Alikuwa akifika mia nne, kisha anarukia mia nane. Baba alimsikia kutoka chumba cha nyuma na kumuuliza, "Wewe, mbona unakata njia?" Hilo watu wa klabu hawalijui.

Nilichukua jozi tatu za viatu vyangu vya zamani. Kila Jumatano nilibandika jozi moja mbichi, na Jumapili nikakimbia nayo barabarani mpaka ifunguke, kisha nikarudi nyumbani na ndala nilizozibeba mgongoni. Ya kwanza ilifunguka kwenye kilomita ya ishirini na moja, ya pili ishirini na mbili, ya tatu ishirini na tatu. Niliandika yote kwenye daftari. Jumatano ya wiki ya mbio, asubuhi, nilipaka gundi kiatu cha kulia cha shemeji na kukibandika papo hapo, gundi ikiwa bado inang'aa. Mkono ulikataa kwanza, nikaulazimisha. Katika miaka kumi na miwili ya kazi sikuwahi kufanya hivyo.

Sikutaka ashindwe tu. Kushindwa si kitu, hata mimi hushindwa. Nilitaka akae chini barabarani, asiweze kwenda mbele wala kurudi nyuma, na dawa yake iwe kiunoni mwangu. Kwenye mkoba mdogo wa mkanda nilitia kopo la gundi, lenye ukubwa wa kopo la rangi ya viatu, pamoja na kipande cha msasa. Ningemwambia: sema mbele ya shahidi utepe wangu ulikwenda wapi, nami nitakubandikia. Nilikuwa nimepiga hesabu ya muda. Ulitutosha sote wawili, kwa shida.

Mpango ulihitaji jambo moja tu. Soli itakapoachama, niwe nyuma yake, karibu.

*

Tulianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mawingu yalikuwa mazito. Wakimbiaji wote waliyashukuru, mimi niliyalaani. Lami baridi haifungui soli.

Shemeji alitoka kwa mwendo wake wa siku zote, dakika tano na sekunde hamsini kwa kilomita, mabega yametulia kama ametundikwa kwenye kiango cha nguo. Nilijiweka mita hamsini nyuma yake. Macho yangu hayakuwa barabarani. Yalikuwa kwenye kisigino cha kulia, kikipanda na kushuka.

Kwenye kilomita ya tisa fundi bomba alinifikia. Ni mwanachama mkongwe wa klabu, na hukimbia akizungumza kama mtu aliyekaa barazani.

"Fundi Mkato! Leo unapitia wapi?"

"Nyuma yako, ukinipisha."

"Mbona unanukia gundi? Umejibandika miguu?"

"Nimekuja nayo nikuzibe mdomo."

Alicheka hadi akabaki nyuma. Mimi sikucheka. Kopo lilikuwa likinigonga nyonga kwa kila hatua, na harufu ilikuwa imeanza kunipanda kichwani. Kila mara nililisogeza upande mmoja, na kila mara lilirudi.

Kwenye kilomita ya kumi na nane mfungaji alinifunga utepe. "Mafundo mawili," nilimwambia. Akafunga matatu.

Kilomita ya ishirini na moja ilifika, soli ikapita nayo. Ya ishirini na mbili ikafika. Soli ilikanyaga, ikainuka, ikakanyaga, nzima kama siku iliyotoka dukani. Ya ishirini na tatu ilipopita nilihisi kichomi kikiniingia chini ya mbavu za kulia, na nyonga yangu ya kushoto ilikuwa imechubuka mpaka jasho likawa chumvi kwenye kidonda. Kwenye daftari langu hapakuwa na kilomita ya ishirini na nne. Ningeweza kulitupa kopo na kukimbia mbio zangu. Wazo hilo lilinijia likiwa na sauti ya dada. Nililiacha lipite.

Hapo ndipo shemeji alipogeuka nyuma. Aliniona. Aliinua mkono wa kulia juu ya kichwa, akanyoosha vidole viwili na kuvifungua na kuvifunga, kama mkasi. Mkato. Kisha akaongeza mwendo.

Mita hamsini zikawa sabini, kisha mia moja. Nilijaribu kumfuata, miguu ikakataa. Misuli ya vigimbi ilikuwa imekaza kama uzi uliotiwa nta. Nilianza kuhesabu, kwa sababu ndiyo njia pekee niliyofundishwa ya kungojea kitu kinachouma. Moja, mbili, tatu. Nilijiambia nisiache kukimbia kabla ya mia tisa. Nikifika mia tisa nitaruhusiwa kufa.

Kwenye mia mbili na kumi jua lilitoka.

Lilitoka lote kwa pamoja, na barabara ikaanza kumetameta. Nilihisi joto likipanda kupitia viatu vyangu mwenyewe. Nilikuwa na kiu, nilikuwa na kichefuchefu, na nilifurahi. Kwenye mia tatu na themanini niliisikia kabla ya kuiona: pa, pa, pa, kama kofi dogo. Shemeji aliruka hatua mbili za ajabu, ncha ya soli ikakwama, akaenda chini kwa viganja.

*

Alianguka hatua thelathini kutoka kituo cha huduma ya kwanza, kwenye kilomita ya ishirini na sita, karibu kabisa na daraja la chuma. Nilipofika alikuwa amekaa ukingoni mwa barabara. Muuguzi, mama mmoja mwenye kofia pana, alikuwa akimsafisha viganja.

"Pole, shemeji," nilisema.

Alikuwa amekivua kiatu na kukipakata. Aliivuta soli taratibu, na kati ya soli na kiatu zikanyooka nyuzi nyembamba za gundi kama utando wa buibui.

"Hii ilibandikwa mbichi," alisema.

Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mengi, lakini si kwa hilo. Katika hesabu zangu zote nilisahau kwamba niliyemtegea mtego alifundishwa na baba yangu.

"Mtoto wa yule mzee habandiki mbichi kwa bahati mbaya," aliendelea. Tabasamu la mwaka jana lilianza kumrudia usoni. "Kwa hiyo sasa umekuwa Mkato kweli. Mwaka jana lilikuwa jina tu."

"Lilikuwa jina tu? Mama muuguzi, umemsikia?"

"Mimi nasikiliza mapigo ya moyo," alisema muuguzi, "na yenu wote wawili hayanifurahishi."

"Nitawaambia wote mezani," shemeji alisema. "Fundi aliyeharibu kiatu cha mteja makusudi. Tuone nani atakuletea hata kandambili."

Ukweli wa maneno hayo uliniingia kama sindano. Nilikuwa nimekuja kumnyang'anya siri, na sasa na yeye alikuwa na yangu. Nilitazama saa. Saa mbili na dakika thelathini na tatu tangu tuanze. Nilitazama daraja. Sakafu yake ni wavu wa chuma wenye meno, wa kuzuia magari yasiteleze. Hata paka hulizunguka.

Nilifungua mkoba, nikaweka kopo na msasa juu ya zege kati yetu.

"Waambie," nilisema. "Lakini utafikaje mezani?"

Alilitazama kopo, kisha mkoba wangu. Nadhani ndipo alipoelewa nililibeba tangu wapi.

"Unataka nini? Niungame kwa muuguzi?"

Hilo ndilo nililolitaka tangu mwanzo. Lakini nilimjua. Angeungama hapa na kukana kule, na ingekuwa tena neno la Kocha dhidi ya neno la Mkato. Nilimtazama mkononi.

"Nataka utepe wako," nilisema. "Pumzika, shemeji. Nitakukabidhia pamoja na wangu."

Muuguzi alisitisha pamba hewani.

Shemeji alipiga hesabu yake. Niliiona ikipita usoni mwake. Bila kiatu hafiki. Akiwa na kiatu, yeye ni mwepesi kuliko mimi, nami nimesimama nikitetemeka kama kamba ya nguo. "Nitakupita kabla hujaliona geti la uwanja," alisema. "Utanirudishia wewe mwenyewe, mbele za watu."

"Ukinipita."

Aliufungua utepe kwa meno, kwa sababu viganja vilikuwa na bandeji. Niliufunga juu ya wangu.

Kisha nikafanya kazi. Nilikwangua gundi yangu chafu kwa msasa mpaka soli ikawa safi, nikapaka upande mmoja, nikapaka wa pili, nikavishika mbalimbali, kimoja kila mkono.

"Bandika," alisema.

"Bado. Hesabu."

"Nini?"

"Hesabu, kama mbele ya baba. Kwa sauti."

Alinitukana tusi moja, la adabu, lile walimu wanaloweza kulisema mbele ya wanafunzi. Nikakaa chini kana kwamba nina siku nzima. Wakimbiaji watatu walipita. Alianza kuhesabu.

Mwalimu wa michezo, mguu mmoja una soksi, alihesabu ukingoni mwa barabara jua likimpiga. Klabu nzima ilitupita. Fundi bomba alipunguza mwendo kabisa.

"Kocha! Unahesabu nini, kuku?"

"Mia mbili na tisa, mia mbili na kumi," alisema shemeji, bila kumtazama.

"Mwacheni, ana hesabu zake na fundi," alisema muuguzi, ambaye sasa alikuwa amevuta kiti na kukaa vizuri.

Miguu yangu ilikuwa ikikauka pamoja na gundi. Nilijua kila dakika niliyomchoma nayo ilikuwa ikinichoma na mimi. Nilimsikiliza neno kwa neno.

"Mia nne na saba, mia nne na nane, mia nane na tisa, mia nane na—"

"Rudi," nilisema. "Mbona unakata njia?"

Alinyanyua uso. Katika mwaka mzima ule hakuwahi kunitazama machoni, lakini hapo alinitazama. Kisha akarudi mia nne na tisa.

Kwenye mia tisa niligusa gundi kwa kidole. Haikunata. Nilizikutanisha, nikazigonga kwa jiwe kuanzia katikati kwenda pembeni, hata hewa isibaki. Nilikibandika kiatu kile kama cha mteja wa kwanza wa asubuhi. Vinginevyo nisingeweza, mkono ulikwisha kataa mara moja. Nilimrushia. Alipoanza kuhangaika na kamba kwa vidole vyenye bandeji, mimi nilikwisha ingia darajani.

*

Kilomita nne si mbali. Wateja wangu hutembea kilomita nne kuja kunidai viatu. Lakini mwili uliopoa haurudi kazini kwa hiari. Mita mia tano za kwanza nilikimbia kama mtu aliyevaa viatu vya mtu mwingine, na vya upande mmoja.

Kwenye kilomita ya ishirini na nane nilimsikia. Hapakuwa na pa, pa, pa. Palikuwa na mguso laini, sawasawa, soli iliyoshika barabara na kiatu kilichoshika soli. Kazi yangu mwenyewe ndiyo iliyokuwa ikinifukuza. Nilijivunia na nikaogopa kwa wakati mmoja.

"Shemeji!" aliita. "Simama tuzungumze!"

"Zungumza na wewe mwenyewe. Umezoea."

Kwenye ishirini na tisa pumzi yake ilikuwa begani kwangu. Nilikunja ngumi juu ya tepe zote mbili. Geti la uwanja lilionekana. Aliniambia kabla sijaliona atakuwa amenipita, na nililiona, na hakuwa amenipita. Nililishika wazo hilo kama mlevi anavyoshika ukuta. Aliongeza, nikaongeza. Sikujua nimeongeza kwa kutumia nini. Kitu fulani kilipasuka mguuni, ukucha au lengelenge, na sikukiangalia.

Nilivuka mstari kwa saa tatu na dakika kumi na saba. Yeye alikuwa hatua nane nyuma.

Mezani palikuwa na karani yuleyule wa mwaka jana, na kando yake dada yangu, ameshika taulo la mumewe. Nusu ya klabu ilikuwa imejipanga kunywa maji. Sikuanguka kwenye nyasi. Nilitembea hadi mezani, nikafungua utepe wangu, nikauweka. Karani aliandika. Kisha kalamu yake ikaelekea kwenye mkono wangu.

"Na huo wa pili?"

Niliufungua taratibu, nikaufumbata. Shemeji alifika mezani akiwa hana pumzi, macho yake yote yako kwenye ngumi yangu. Nilianza kuinua mkono kuelekea kwenye mfuko wa kaptula yangu. Nakiri niliuinua polepole kuliko ilivyohitajika.

"Ni wangu!" alisema. "Mpe karani, shemeji. Mpe! Usinifanyie kama nilivyokufanyia!"

Maji yakimwagika hayazoleki. Hata waliokuwa wakinywa waliacha kunywa.

"Ulimfanyia nini?" aliuliza dada.

"Amenibandikia soli mbichi!" shemeji alisema haraka. "Makusudi! Muulizeni yeye, fundi wenu!"

"Ni kweli," nilisema. "Niliibandika mbichi Jumatano, makusudi. Leo nimeibandika upya, kavu. Yote mawili ni yangu na nimeyasema. Jibu swali la mkeo."

"Baba watoto," dada alisema, kwa sauti ya chini sana, "mwaka jana utepe wa mdogo wangu ulikuwa wapi?"

Alitazama chini, kwenye kile kiatu.

"Mfukoni," alisema.

"Mimi nangoja utepe," alisema karani. "Mambo ya nyumbani yana meza yake."

Niliufungua mkono, nikauweka utepe mbele yake. "Huu ni wa shemeji," nilisema. "Alifika kwenye mzunguko wa kiwanda cha mbao. Nilimwona kwa macho yangu."

Niliyasema maneno hayo polepole, moja moja, nikimtazama. Ndiyo maneno ambayo mwaka jana yangemgharimu pumzi moja tu. Sijawahi kumpiga mtu kofi, lakini nadhani kiganja husikia hivyo baadaye: joto, na kidogo kinawasha.

Dada alilitupa taulo juu ya meza, juu ya karatasi za karani. "Mmoja mfuko, mwingine gundi," alisema. "Baba angewachapa wote wawili." Akaondoka peke yake.

*

Watu hawana huruma. Kabla ya Jumanne shemeji alikuwa amekwisha pewa jina. Aliyelianzisha ni fundi bomba. Kwenye mazoezi hupaza sauti, "Leteni tepe zenu kwa Mfuko, atatutunzia!" na wote hucheka, na Mfuko hutazama saa yake. Bado ndiye kocha wetu. Hakuna anayemwita hivyo.

Langu halikufutika. Sasa lina sababu. Wateja huniuliza, "Fundi Mkato, hii umehesabu mpaka mia tisa?" Mmoja alisimama kibandani dakika kumi na tano akihesabu na mimi, kisha akalipa na kutoka bila kuaga. Ile shule haikurudi. Hayo niliyanunua kwa akili zangu timamu, na siyarudishi dukani.

Jumatano dada alikuja na viatu. Hakukaa kwenye kigoda.

"Anasema soli imeshika sana," alisema. "Lakini havitaki tena. Kila akivivaa anajikuta anahesabu."

Aliviweka mezani, akaondoka. Nilivisafisha, nikavitia kamba mpya, nikavipanga kwenye rafu ya mbele, ncha zikiangalia barabarani, mahali anapopita kila asubuhi akienda shuleni.

Marathoni ni baada ya wiki tano, na sote wawili tumo kwenye orodha. Nimesikia amenunua viatu vipya. Na dada alikwisha sema: kiatu kipya kwenye safari ndefu ni kama bwana harusi mpya.